Glasi ya Leif

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya ngano Ardis Tollefson alipofungua ukumbi wa wanajeshi wastaafu ili aandae meza ya kumkumbuka mwanawe Leif, aliyekufa vitani. Kesho mji mzima ungekuja kufunua jiwe lake la kumbukumbu. Lilikuwa pale nje, limefunikwa turubai.

Meza yenyewe kila mtu hapa anaijua. Kitambaa cheupe, kipande cha limau kwa uchungu, chumvi kwa machozi, kiti kitupu. Glasi huwekwa kifudifudi, kwa kuwa aliyekufa vitani hanywi tena.

Miaka yote Ardis aliiweka hivyo. Leo roho ilimkatalia. Mama gani anamkaribisha mwanawe halafu anamnyima maji? Akaigeuza glasi, akaijaza kwa jagi, akaenda kabatini kutafuta mshumaa.

Krrrr...

Kiti.

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Ila palikuwa na harufu ya mpira ulioungua, na ya vumbi kavu ambalo si la huku Dakota. Glasi ilikuwa tupu.

Akaijaza tena. Safari hii hakubandua macho. Maji yakashuka taratibu... kisha kwa pupa. Akasikia koo la mtu likimeza.

Akajaza. Yakaisha. Akajaza tena, machozi yakimtoka kwa furaha na hofu pamoja.

"Kunywa, baba," alinong'ona. "Kunywa polepole, utapaliwa."

Mlango ukalia. Alikuwa Brock, swahiba wa Leif, amebeba spika za kesho. Brock ndiye aliyekuwa naye vitani, ndiye aliyeleta habari: Leif alikufa papo hapo, mikononi mwake, wala hakuumia. Tangu mazishi anakula kwa Ardis kila Jumapili na kumwita mama.

"Mama, hujamaliza tu? Watu watadhani unaandaa harusi!"

Kisha akaiona glasi. Maji yalikuwa yanashuka.

Spika zikamponyoka.

"Bado ana kiu?"

Ardis akamgeukia.

"Bado?" Ardis aliuliza. "Bado, Brock? Mtu aliyekufa papo hapo?"

"Mama..."

"Sema."

"Aliomba maji usiku kucha. Chupa nilikuwa nayo mimi. Niliogopa kutambaa hadi alipo, maadui wangenisikia... Nilimwambia nakuja."

Kumbe! Miaka yote hiyo amekuwa akimchagulia huyu mtu minofu minono. Ardis alihisi amefiwa upya, na aliyemfisha mwanawe amemlea kwa mikono yake mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alimkabidhi jagi.

"Mpe wewe."

Akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo. Nyuma yake kiti kiliburuzwa... halafu kingine.

Asubuhi Ardis alimfungulia. Bendi ilipiga, turubai likavutwa, watu wakalia. Brock alihutubia, midomo imempasuka, akasema Leif alikufa mikononi mwake. Hakumaliza. Aliomba maji. Akanywa, akaomba tena, akanywa tena. Madaktari hawaoni ugonjwa wowote, lakini hadi leo kiu haijamwisha.

Jumapili bado anakuja kula, wala hajui kinachomleta. Ardis anampakulia kama zamani. Glasi ya maji iko moja tu mezani, na anaiweka mbele ya kiti cha Leif.