Gari Lililofunga Breki Lenyewe

Kila Jumamosi Wegesa alikuwa na kazi zake, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alifagia uwanja wa gereji ya baba yake, akaokota vipande vya vioo vilivyojificha mchangani, kisha akachemsha chai kwenye jiko la mkaa. Gereji ilikuwa Mukendo, Musoma mjini, nyuma ya maduka ya vipuri. Baba yake, fundi Kasmiri, hakugusa injini wala matairi. Kazi yake ilikuwa kubadilisha vioo vya mbele vya magari, na wateja hawakumpungukia, maana malori ya kokoto yanayopita barabara ya Makutano hurusha mawe bila kumchagua mtu.

Zamani kazi hiyo ilikuwa rahisi. Unang'oa kioo kibovu, unapaka gundi, unaweka kingine, unasubiri gundi ikauke. Siku hizi magari mengi yanayotoka Japani yana kamera ndogo iliyobandikwa nyuma ya kioo, juu katikati. Kamera hiyo inaangalia barabara. Ikiona hatari mbele, gari linalia, na dereva akizubaa, linafunga breki lenyewe. Sasa, kioo kikibadilishwa, kamera haikai tena vilevile. Ikiinama kidogo tu, kiasi ambacho mtu hawezi kukiona kwa macho, itaona hatari pasipo na hatari. Ndiyo maana lazima isetiwe upya. Gari linasimamishwa mahali palipo tambarare, mbele yake unawekwa ubao wenye miraba myeusi na myeupe, na kifaa kinachofanana na simu kubwa kinachomekwa ndani ya gari mpaka kamera ijue tena mbele ni wapi.

Wegesa, mwanafunzi wa darasa la saba, aliyajua yote hayo. Mara nyingi yeye ndiye aliyeushika ubao. Kwa hiyo asije mtu akamtetea kwamba mtoto hakuelewa. Alielewa vizuri sana, na ubaya wa habari hii uko hapo.

Siku moja Babu Nathanieli, baba wa mama yake, alileta gari lake likiwa na kioo kilichopasuka. Kabla ya kustaafu, Babu aliendesha lori la pamba kule Bunda kwa miaka mingi. Aliishi hapo mjini na ng'ombe wake walikuwa Butiama, lakini kilichompa majivuno si ng'ombe. Alijivunia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumwumiza mtu barabarani.

Kwa desturi ya kwao, mtu na baba mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Kasmiri hakuketi benchi moja na Babu Nathanieli, hakumtazama usoni, na kumkataza jambo lilikuwa halifikiriki. Kukiwa na neno la kusemwa, alitumwa Wegesa. Yeye alikuwa na jina la mama yake Babu, hivyo mzee alimwita mama, na utani kati yao haukuwa na mipaka.

Jumamosi asubuhi kioo kipya kilikuwa kimeshika. Lakini kifaa cha kusetia kamera hakikuwepo. Kasmiri alikitumia kwa zamu na fundi Gabriel wa Kabasa, Bunda, na siku hiyo kilikuwa huko.

"Sikiliza," Kasmiri alimwambia binti yake. "Babu yako anakuja kuchukua gari. Mwambie kioo kiko tayari ila kamera bado. Asiende nalo mbali, alipeleke nyumbani tu, alirudishe Jumatatu Gabriel akileta kifaa. Na kila akiwasha, abonyeze hiki kitufe, akishikilie mpaka taa ya njano iwake. Mimi hiyo kamera nimeizima, lakini gari likizimwa na kuwashwa inaamkaga yenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Babu alipotokea kwenye geti, Kasmiri alijitoa akaingia stoo, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Shikamoo, mama," Babu alisema, akivua kofia.

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?"

"Nimelala nikiota safari. Panda garini twende Butiama. Yule mtamba wako amezaa. Mjomba wako Abraham kanipigia simu asubuhi hii."

Moyo wa Wegesa uliruka. Mtamba huyo Babu alimpa alipofaulu mtihani wa darasa la nne, na tangu hapo alikuwa akimsubiri azae. Alijua pia kwamba akilitoa neno la baba yake, safari imekufa. Babu hakuwa mtu wa kucheza na gari bovu. Angesema watakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ilikuwa ya mitihani.

"Baba yako anasemaje kuhusu gari?" Babu aliuliza.

"Anasema kioo kiko tayari," Wegesa akajibu.

Hakusema uongo. Alisema nusu, ile nusu iliyompendeza, na nyingine akaimeza.

Babu akawasha gari. Wegesa aliketi kiti cha mbele na kuitazama dashibodi. Taa ya njano haikuwaka. Alitaka kunyoosha mkono akibonyeze kile kitufe, lakini Babu angeuliza ni cha nini. Akaukunja mkono wake mapajani, akaanza kuzungumza habari za ndama.

Waliiacha njia kuu pale Makutano, wakashika ile ya Butiama. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, mbele hakuna mtu. Nyuma yao ilikuja bodaboda iliyobeba tenga la sato kutoka Mugango. Mahali fulani kivuli cha mti kilikuwa kimelala juu ya lami, kivuli tu. Ghafla gari likapiga kelele, taa nyekundu ikawaka, na likafunga breki kwa nguvu mpaka mkanda ukamkata Wegesa begani. Papo hapo wakasikia kishindo nyuma.

Aliyekuwa akiendesha ile pikipiki ni Samwel, kijana wa Mugango, aliyekuwa akimlisha mama yake kwa kazi hiyo. Walimkuta amebanwa kati ya pikipiki na bampa, na sato wametapakaa hadi ng'ambo ya barabara. Babu alivua shati lake, akaufunga mguu wa kijana yule huku akimwambia asilale, asilale, azungumze naye. Wegesa alisimama pembeni. Hakulia. Aliogopa kwamba akifungua mdomo, lile neno litatoka.

Madaktari wa Musoma walijitahidi, lakini mguu wa kulia wa Samwel ulikatwa chini ya goti.

Jioni ile Kasmiri alimshika binti yake mabega. "Wegesa, ulimwambia babu yako habari za kamera?"

"Nilimwambia."

Neno moja, na likawa limefunga mlango. Kasmiri hangeweza kwenda kwa baba mkwe wake na kumwuliza, "Mzee, uliambiwa au hukuambiwa?" Desturi haikumruhusu. Alimwambia mkewe, Tabitha, naye Tabitha akamwambia kaka yake, Abraham, na kufikia katikati ya wiki ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba mzee aliambiwa akasahau.

Babu alikuwa amemweleza askari wa trafiki jambo moja tu. "Sikukanyaga breki. Mguu wangu naujua." Askari alimsikiliza kwa adabu, kisha akaandika kwamba bodaboda alifuata karibu mno kwa mwendo kasi. Abraham alipofika kutoka Butiama alikuwa mkali zaidi.

"Baba, fundi alikutumia ujumbe kwa mtoto. Ukasahau. Umri umekwenda, hakuna aibu. Nipe funguo."

Babu alimtazama Wegesa, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Kisha akaingiza mkono mfukoni na kumpa mwanawe funguo. Hakubisha. Kati ya kumbukumbu yake na neno la mjukuu wake, alichagua kuliamini neno la mjukuu.

Tangu siku hiyo mzee alianza kuzeeka mbele ya macho yao. Watu walimsemesha kwa sauti kubwa, polepole, kana kwamba hasikii. Tabitha alilia jikoni akisema akili ya baba yake inaondoka. Wegesa alishindwa kula. Kila usiku alijiambia kwamba kesho atasema, na kila kulipokucha aliona uongo umeongezeka uzito, kwa sababu mtu mwingine zaidi alikuwa ameuamini.

Siku moja mchana mama yake alimtuma ampelekee Babu ugali na dagaa. Alimkuta amekaa kwenye benchi nje ya nyumba yake, amevaa suti ya kanisani ingawa haikuwa Jumapili.

"Mama, kaa hapa," Babu alisema. Hapakuwa na utani katika sauti yake. "Nakwenda hospitali kumwona yule kijana na mama yake, Yunis. Nataka niwaambie kwamba mguu wake umekatwa kwa sababu mimi ni mzee msahaulifu. Lakini siwezi kuomba radhi kwa jambo nisilolikumbuka. Nisaidie. Uliponiambia habari za kamera, nilikuwa nimesimama wapi?"

Wegesa alilitazama bakuli mikononi mwake.

"Nilikuwa nje ya gari au ndani? Nilijibu nini? Nimejaribu sana, naona giza tu. Wewe nikumbushe, nami nitaamini."

Hapo Wegesa alishindwa. Aliweka bakuli chini, akapiga magoti.

"Babu, hukuambiwa. Baba alinituma, mimi sikusema. Nilitaka kwenda kumwona ndama. Halafu nikamdanganya baba."

Kuku alikuja akaanza kudonoa ugali, na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hiyo sikusahau," hatimaye alisema.

"Hukusahau, Babu."

Mzee alifunika uso kwa mikono yake miwili na kulia. Wegesa hakuwahi kumwona akilia, hata bibi alipokufa, na aliona afadhali angepigwa fimbo.

"Mwite baba yako," Babu alisema baadaye, akijipangusa.

Kasmiri alikuja mbiombio, akasimama mbali, macho chini.

"Njoo ukae hapa," Babu alimwambia, akigonga benchi.

"Baba, haiwezekani."

"Nimekuambia ukae."

Kasmiri akaketi pembeni kabisa, kwenye ncha ya benchi. Wegesa alirudia maneno yake yote mbele yao, na safari hii hakuacha hata nusu. Kasmiri alimsikiliza, akashika kichwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimgeukia baba mkwe wake na kumtazama usoni.

"Baba, neno lile lilikuwa langu. Nilijua hatari yake, na nilikuwa stoo, hatua chache tu kutoka kwako. Nilimwachia mtoto kazi ya fundi kwa sababu niliona haya kukukataza. Hata funguo sikupaswa kuzitoa."

Kesho yake watatu hao walikwenda kituo cha polisi lilikowekwa gari. Fundi Gabriel aliletwa kutoka Kabasa na kifaa chake. Alikichomeka, akasubiri, kisha akamwonyesha askari. Kamera ilikuwa imeinama ikitazama lami iliyo karibu badala ya njia iliyo mbele, na ndiyo maana kivuli kikaonekana kama kitu kilicholala barabarani. Askari alifuta maelezo ya kwanza na kuandika mengine. Kasmiri alikubali kosa lake kwa maandishi, akaahidi kugharamia matibabu na mguu wa bandia. Abraham aliporudisha funguo, Babu alizitia mfukoni.

Kisha wakaenda hospitali. Yunis alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mwanawe. Kasmiri alitaka kuanza kusema, lakini Babu akamgusa mkono na kumwacha Wegesa aseme. Alisema akitazama pale shuka lilipolala bapa.

Samwel aligeuza kichwa kwenye mto. "Siku zote hizi watu wananiambia nilikimbiza pikipiki. Hata mama aliniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Mimi sinywagi kabisa. Angalau sasa anajua."

Yunis aligeukia ukutani.

"Nisamehe," Wegesa alisema.

"Nimekusikia," Samwel akajibu. "Ila usinidai jibu leo."

Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi la kusubiria. Wegesa alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu ajali, akalia mpaka akachoka. Babu alimwacha amalize.

"Ulidhani ukisema ukweli mambo yatarudi yalivyokuwa," Babu alisema. "Hayarudi. Mguu wa Samwel haurudi. Ukiwahi kusema ukweli, unazuia jambo. Ukichelewa, unaacha tu kuliongeza. Hata hivyo sema, kwa sababu mimi ungeniacha nife nikiamini kwamba nimekuwa kichaa."

"Ndiyo, Babu."

"Na ukipewa neno umfikishie mtu, hilo si lako. Huna ruhusa ya kulipunguza hata kidogo. Ulifikiri unajinyima safari tu ukilisema. Ulipolimeza likamwangukia mtu asiyekujua hata jina. Baba yako na mimi tunalo letu pia. Heshima yetu tulikubebesha wewe, na haikuwa mzigo wako."

Kasmiri aliitikia kwa kichwa. Toka siku ile hakuna gari lililotoka gereji yake kabla ya kamera kusetiwa, liwe la mgeni au la mkwe, na maelezo aliyatoa yeye mwenyewe.

"Je, Samwel atanisamehe?" Wegesa aliuliza.

"Sijui," Babu akajibu. "Hiyo ni juu yake. Lakini mama yake amechoka, na kijana anahitaji uji kila jioni. Unaweza kuuleta bila kungoja asamehe."

Kesho yake, baada ya masomo, Wegesa alipika uji, akaufunga vizuri kwenye chupa ya chai, akaenda.