Hawezi Shinikizo

Walikutana kwenye foleni ya fotokopi, kila mmoja na shahada yake ya saikolojia mkononi. Mashine ikagoma.

"Dada, si umesoma saikolojia? Ibembeleze basi," kijana mwenye shati la samawati akamtania msichana aliyekuwa mbele yake.

"Kwani wewe umesoma upishi? Anza!"

Mashine haikubembelezeka, wao walipendana. Kijana alimwita msichana Dokta, naye msichana akamwita Mtaalamu. Dokta alitangulia kupata kazi: kampuni ya simu, idara ya ajira, kuwasaili watakaopokea simu za wateja wenye hasira. Mtaalamu alibaki kuzungusha bahasha. Maofisini walimwambia aende hospitali. Hospitalini, nafasi hakuna.

Siku moja akaitwa kwenye usaili katika kampuni hiyohiyo, na mmoja wa wasaili akawa Dokta mwenyewe. Alipaswa kusema, "Huyu ni mwenzangu, asailiwe na mwingine." Hakusema, na hilo ndilo kosa lake la kwanza. Mtaalamu akajibu vizuri kuliko wote. Dokta, kwa kuhofia kuambiwa anambeba mpenzi wake, akaandika: hawezi shinikizo.

Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, wamenikataa. Eti siwezi shinikizo. Labda ni kweli. Shahada naitia kabatini, nikauze dukani kwa mjomba."

"Usiseme hivyo, laazizi."

"Wewe unanijua. Ni kweli?"

Dokta alikata simu akisingizia chaji imekwisha. Kesho yake alimweleza bosi wake kila kitu, akasimamishwa kazi, kisha akaenda moja kwa moja chumbani kwa Mtaalamu, bado na sketi yake ya kazini. Alimkuta akipiga pasi.

"Ni mimi niliyeandika," alisema, machozi yakimtoka. "Jumatatu utasailiwa upya, na mtu mwingine. Nisamehe."

Mtaalamu aliichomoa pasi kwenye umeme, taratibu.

"Ungekuwa hunijui, ungeandika nini?"

"Achukuliwe leo hii."

"Sasa hilo la shinikizo ulilitoa wapi?"

Dokta aliinamisha kichwa. Angeweza kudanganya. "Siku ile uliponililia, tulipotoka kumzika mama yako."

Mtaalamu akakaa kitandani.

"Jumatatu nitakwenda," alisema hatimaye. "Na kukusamehe nitakusamehe, Dokta, maana nakupenda. Ila niambie: nikizidiwa tena, nikamlilie nani?"

Dokta alibaki amesimama mlangoni, akiona haya hata kuketi.