Mistari Iliyozama Mitundu

Jini huyu hakuja na ubani wala ngoma. Alikuja saa za kazi, jua likiwaka, na aliyemwona wa kwanza alidhani ni kosa la kompyuta. Simcheki. Siku hizi nani hamsingizii kompyuta?

Febronia alikuwa mpimaji wa maji ya ardhini katika kampuni ndogo ya visima, ofisi yao ikiwa nyumba ya kupanga kule Unyambwa, Singida. Kazi yenyewe haina siri. Vijana wanapigilia pini za chuma ardhini, mashine inapitisha umeme kutoka pini hadi pini, namba zinaingia kwenye kompyuta, na programu ya hesabu inazigeuza kuwa mistari. Mstari ukipanda, chini kuna mwamba mkavu. Ukishuka, huenda kuna maji.

Wiki hiyo walikuwa wametoka kupima eneo la vichaka karibu na Mitundu. Ili mistari isichanganyike, kampuni ilikuwa na kawaida yake: kila mstari unapewa jina la aliyeshika pini ya mwisho. Mchoro wa Mitundu basi ulikuwa na mistari miwili. Wa bluu uliitwa Antipasi, kibarua wao wa siku nyingi. Mwekundu uliitwa Nathan, mdogo wake Febronia, baba mmoja mama mmoja, ambaye dada mtu alimwombea kazi hiyo kwa kumpigia bosi magoti, baada ya kijana kukaa nyumbani mwaka mzima akihesabu mabati.

Aliuhifadhi mchoro, akaenda kula. Aliporudi na kuufungua, mstari wa bluu ulikuwa umeshuka; mwekundu ulikuwa palepale.

Haukushuka sana, mtu mwingine asingeona. Lakini Febronia alikuwa na macho ya kuudhi, yale yanayoona uzi umetoka kwenye sketi yako kabla hayajakusalimia. Akakagua vipimo, vilikuwa vilevile. Akaufunga mchoro, akaufungua tena. Ukashuka tena.

"Upuuzi huu," alisema peke yake, akaanza kutafuta kosa kama alivyofundishwa chuoni. Labda faili halielewani na toleo jipya la programu. Akalifungua kwenye kompyuta nyingine yenye toleo la zamani, mstari ukashuka zaidi. Akachora upya kutoka kwenye namba za shambani, mchoro ukatoka safi, mstari juu mahali pake. Akauhifadhi kwa jina jipya, akaufunga, akaufungua. Ukaanguka mpaka ulipokuwa ule wa kwanza, kisha ukaongeza kidogo.

Alikuwa bado anautazama Antipasi alipoingia, kashika viatu mkononi.

"Mtaalamu, hii ofisi ina bomba lililopasuka?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Soksi zimelowa. Asubuhi ilikuwa vidole tu. Sasa hivi tumefika huku." Akamwonyesha goti.

Ulikuwa ni ule msimu ambao upepo wa Singida unakausha shati la kwanza kwenye kamba kabla hujaanika la pili. Suruali ya Antipasi ilikuwa chepechepe hadi magotini, na ilitoa harufu ya tope la chumvi.

"Umekanyaga wapi, Antipasi?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe?"

Febronia alicheka. Kicheko hicho alikuja kukichukia kuliko jambo lolote alilowahi kufanya.

Kesho yake Antipasi hakuja. Alituma ujumbe kwamba kifua kimembana. Febronia alishinda kwenye kiti akifungua na kufunga, akibadilisha hili, akizima lile, na kila alipofungua mstari wa bluu uliteremka, hadi ukagusa ukingo wa chini wa mchoro na kuanza kutokea nje. Bosi wake, Abraham, alisimama nyuma yake akitafuna karanga.

"Huo unaochungulia shimo ndio nini?"

"Natafuta kosa, bosi. Ukifunguliwa tu unaharibika."

"Wadau wanasubiri mchoro, wewe unacheza. Ufute huo. Mmoja unatosha."

"Lakini bosi, ni vipimo halali."

"Febronia, mimi ndiye ninayekulipa, au kompyuta?"

Akaufuta mstari wa Antipasi. Akahifadhi. Feni ya kompyuta, iliyokuwa inavuma tangu asubuhi, ikanyamaza, na kutoka ndani ya boksi ukaja mlio kama wa dumu linalozamishwa kisimani, likimeza maji, likimeza, mpaka likajaa.

Simu ikaita. Alikuwa Nathan, anaongea kwa kunong'ona.

"Dada. Nipo kwa Antipasi. Amekufa."

"Unasema nini? Mbona unanong'ona?"

"Kwa sababu maji bado yanatoka. Puani, mdomoni. Dada, shuka ni kavu, godoro kavu, nimeshika kwa mkono wangu. Amezama kitandani."

Hospitalini walisema maji yamejaa kwenye mapafu, inatokea. Abraham alisema ni pombe, na alilisema hilo msibani, mbele ya mjane, bila hata kushusha sauti. Febronia alikuwa anatazama miguu ya mdogo wake, aliyekuwa amebeba jeneza, na viatu vyake vilikuwa vikavu, akashukuru Mungu.

Waliporudi ofisini, asubuhi na mapema siku iliyofuata, Abraham alitaka mchoro, na Febronia, ambaye hakuwa mtu wa kuamini majini na aliona haya kuogopa picha, aliufungua.

Mstari mwekundu ulishuka.

Hakupiga kelele. Aligeuka polepole. Nathan alikuwa amesimama mlangoni, anatazama sakafu aliyotoka kuikanyaga, na kila unyayo wake ulikuwa umeacha dimbwi dogo jeupe la tope.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini kabisa, "imenianza."

Hapo ndipo ubongo wa Febronia ulipofanya kazi kuliko siku zote, kwa sababu hofu ilimkamata shingoni na njia pekee aliyoijua ya kupambana na hofu ilikuwa kutafuta kosa. Alizisoma namba zilizokuwa ndani ya faili bila kuufungua mchoro wenyewe, akazilinganisha na za shambani moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa salama, na jina la Nathan lilikuwa salama, na hakuna mkono wa mtu uliokuwa umegusa chochote, na alipomaliza akaelewa kwamba kilichokuwa kinamzamisha mdogo wake ni kule kufungua tu, na kwamba kufuta ndiko kulikommaliza Antipasi, na kwamba Antipasi alizamishwa na kidole chake yeye, hiki cha shahada, cha mkono wa kulia.

Alichomoa waya wa kompyuta ukutani. Akamwingiza Nathan kwenye pikapu ya kampuni, akashika barabara ya Itigi kwenda Mitundu.

Mjini Mitundu waliulizia anayejua mambo ya ile ardhi, wakaelekezwa kwenye mashine ya kukamua alizeti. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mikono imejaa mafuta hadi viwikoni, anaitwa Mama Severina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnaleta alizeti?"

"Hapana, mama. Tuna shida."

Mama Severina aliitazama suruali ya Nathan, iliyokuwa imelowa hadi mapajani, akanusa. Akazima mashine. Uso wake haukuwa na huruma hata kidogo.

"Ni nyinyi. Nyinyi mliogonga vyuma kule vichakani. Mlipokuwa mnagonga mlikuwa mnaitana?"

Febronia alikumbuka. Vichaka vile ni vinene, mtu hamwoni mwenzake, kwa hiyo ilibidi kupaaza sauti: Antipasi, tayari? Nathan, gonga!

"Tuliitana."

"Mjinga wewe. Unagonga mlango wa mtu mkali, unamtajia majina ya watoto wa watu, halafu unaondoka. Yeye alidhani umemletea. Na nyumbani mkayaandika?"

"Kwenye mchoro. Ukifunguliwa, unashuka."

"Kila ukifungua anakuona umemsogezea, naye anavuta, mmoja mmoja. Utafungua tena?"

"Hapana, mama."

"Na usifute. Ukifuta umemwachia amchukue." Alijifuta mikono kwa kanga kwa hasira. "Sifanyi hivi kwa ajili yako. Wewe ningekuacha. Ni huyu kijana tu, hana kosa."

Walifika kwenye eneo jua likiwa utosini. Upepo ulikuwa unavuma tangu asubuhi, na walipoingia kwenye vichaka ukakatika ghafla, na ndege nao wakanyamaza, hata nzi aliyekuwa kwenye sikio la Nathan akaondoka. Harufu ya tope la chumvi ilikuwa nzito kiasi cha kuihisi kwenye ulimi. Mama Severina alimwaga mafuta ya alizeti kuzunguka tundu la pini aliyoigonga Nathan, akampa Febronia pini ya chuma na nyundo.

"Aliyempa ndiye anayemnyang'anya. Pigilia, mwambie ulikosea, halafu uing'oe kwa mikono yako. Ukisikia sauti unayoijua, usijibu."

Febronia alipigilia. Pini iliingia kwa urahisi mno, kama inavyoingia kwenye ugali, na kando yake maji yakachomoza, meupe, katika ardhi ambayo yeye mwenyewe aliipima na kuikuta kavu.

"Nathan si wako," alisema. "Nilikosea. Namchukua."

Akashika pini, akavuta. Kitu upande wa pili nacho kikavuta.

"Mtaalamu," ilisema sauti ya Antipasi kutoka chini, ya upole, kama ya mtu anayebisha hodi ofisini. "Mtaalamu, huku soksi zimelowa. Fungua kidogo tu."

Febronia alifumba macho na kuvuta, machozi na makamasi vikimtoka, na nyuma yake alimsikia Nathan akikohoa maji, na sauti ile ikaacha upole, ikaanza kumtukana, ikamtajia kidole chake cha shahada, ikamwambia ilivyokuwa tamu siku ile alipofuta, na yeye akavuta huku anapiga mayowe ili asisikie, ngozi ya viganja ikibaki kwenye chuma, mpaka pini ikatoka ghafla akaanguka chali. Tundu likajifunga. Upepo ukarudi.

Nathan alikuwa amekaa chini, anajishika miguu. Maji yalikuwa yanamteremka: mapaja yamekauka, magoti yamekauka, kisha viatu vyenyewe vikabaki na vumbi kama viatu vya mtu yeyote wa Mitundu.

"Amemwachia," alisema Mama Severina. "Lakini jina bado analo kwenye hiyo picha yenu. Kesho niletee hicho kidude kizima, nijue la kufanya. Hadi hapo, asiifungue mtu."

Febronia alimshukuru hadi mama wa watu akachoka. Njia nzima Nathan alicheka ovyo, akaomba mahindi ya kuchoma, akala mawili. Dada mtu alimtazama akitafuna na moyo ukamjaa, akajisemea kwamba kazi hii anaacha, wote wawili wanaacha, watalima vitunguu.

Walipofika Itigi treni ya mizigo ilikuwa inapita, wakasimama kwenye kivuko cha reli. Mtandao ukarudi, na simu ya Febronia ikaanza kutetemeka kwenye dashibodi bila kupumzika.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Abraham, kwenye kundi la wadau wa mradi. "Mtaalamu wetu kazima kompyuta na kutoroka, lakini nimeupata mchoro. Nauweka hapa. Kila mmoja aufungue kwenye mashine yake atoe maoni."

Chini yake majibu yalikuwa yamepangana.

"Nimefungua. Mstari umeshuka vizuri, maji yapo."

"Kwangu umeshuka zaidi. Hongereni sana!"

"Ajabu, nikifungua upya maji yanaongezeka. Jaribuni."

Febronia aliandika kwa vidole vilivyochubuka, akikosea, akifuta, akiandika tena: "MSIFUNGUE. Nawaomba. Mtu anakufa." Akatuma.

"Dada," alisema Nathan pembeni yake. Hakugeuka. Alisikia maji yakidondoka kwenye sakafu ya gari, kisha hayakuwa ya kudondoka tena, yalikuwa yanamwagika, na harufu ya tope la chumvi ikajaa mle ndani, na sauti ya mdogo wake ikajaribu kusema neno na badala yake ikatoa mlio wa dumu linalozamishwa.

Treni ilikuwa bado inapita. Simu ikatetemeka mkononi mwake. Alikuwa Abraham.

"Msimsikilize huyo, anataka kutuharibia mradi. Fungueni."