Uzi wa Gauni la Kijani

Jumatatu asubuhi fundi cherehani aliamka na ladha ya kitambaa mdomoni, kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa. Alisukutua mara tatu na ladha haikutoka.

Alijua imeanzia wapi. Mwezi uliopita daktari wa meno alimwekea daraja: jino la bandia lililoshikiliwa na vifuniko viwili, vimegandishwa juu ya meno ya pembeni, halitoki. Mswaki haufiki chini yake, daktari alimwonya, kwa hiyo kila siku apitishe pale uzi wa meno kwa sindano ya plastiki, la sivyo uchafu utaozea humo. Pakiti ilipoisha fundi alicheka. Yeye aliyezeekea kwenye nyuzi, akanunue uzi? Jumapili alichomoa kipande kwenye gauni la kijani lililokuwa mezani, akakipitisha. Kikakatikia ndani.

Gauni lenyewe lilikuwa la mama mmoja aliyelifuata mara tisa, na mara tisa akaambiwa rangi ya uzi haijapatikana, huku uzi umelala kwenye droo. Mafundi mnajijua. Mara ya mwisho aliondoka akitetemeka kwa hasira, na wiki hiyo hiyo akafa. Fundi alisikitika kwa siku mbili, kisha akaanza kulifumua gauni ili alipunguze, amuuzie mwingine. Hapo ndipo ninaposhindwa kumhurumia.

Binti wa pekee wa fundi, mjamzito wa miezi minane, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake. Jumanne mchana alimletea chai. Fundi alifungua kinywa kumshukuru, ikatoka sauti nyingine, nzito, imejaa ghadhabu.

"Utakaa hapa mpaka lini? Nimekuchoka, wewe na hilo tumbo lako."

Fundi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Ndani, chini ya daraja, kitu kilikuwa kinakwaruza taratibu, kama sindano butu kwenye jinzi. Binti aliweka kikombe chini na kuondoka. Jioni alitukanwa tena, Jumatano mara nne, na kila mama alipojaribu kueleza, maelezo yenyewe yaligeuka matusi mdomoni. Usiku binti alinong'ona nyuma ya mlango kwamba kama mama amemchoka, kesho ataondoka. Fundi aliuma shuka, asije akamtukana tena.

Alhamisi alikwenda kwa daktari, kinywa amekifunga kwa mtandio, akaonyesha kwa kidole. Daktari aliona uzi wa cherehani, akamkaripia, akashika ncha kwa kibano na kuvuta. Uzi wa kijani ukaja, urefu wa kidole, kisha wa mkono, akavuta tena na ukazidi kuja, ukajaa kwenye trei, ukamwagikia sakafuni, ukamzunguka daktari miguu, naye akaogopa kuacha, na harufu ya nguo mpya ikajaa chumba kizima, huku fundi akihisi kitu kinapanda kutoka kifuani, kinang'ang'ania koo kwa kucha, kinakusanya kila kilichomo humo na kuondoka nacho, mpaka ncha ya mwisho ikachomoka.

Fundi alitaka kushukuru. Midomo ilicheza, sauti haikutoka hata chembe.

Alikimbia nyumbani. Binti alikuwa mlangoni na begi, na gari la kukodi linangoja barabarani. Fundi alinyakua chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika juu ya meza: SI MIMI NILIYESEMA.

Binti alisoma. Uso wake uliiva kwa hasira.

"Wateja wako nao huwaambia hivyo hivyo, mama. Si mimi, ni umeme. Si mimi, ni mashine. Leo zamu yangu?"

Fundi alipiga magoti, machozi yakimtoka, akamshika miguu. Mwishowe binti akashusha pumzi, akaweka begi chini, akageuka kumwambia dereva asingoje.

Akiwa amempa mama kisogo hivyo, nyuma yake akasikia sauti ya mama yake, ile ile laini iliyomlea, inasema:

"Beba begi lako, mwanangu. Na huyo mtoto usiniletee."

Fundi alikuwa bado amepiga magoti, midomo ameifumba; sauti ilitoka mezani, kwenye gauni la kijani. Binti hakugeuka kumwangalia. Alibeba begi, akapanda gari.