Ng'ombe wa Msiba Aliyetufunga Midomo

Nina miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili, naishi Ngonga, huku Kyela. Niliishia kidato cha nne. Naandika haya kwa hasira!

Baba yangu alikuwa fundi paa. Tangu sijazaliwa alimfanyia kazi mkandarasi mmoja wa Kyela mjini, akikata na kubomoa mapaa ya asbesto kwenye maghala ya zamani. Hakupewa hata kitambaa cha kuziba pua! Jioni alirudi mweupe kama katoka mashine ya kukoboa mpunga, na mimi, mtoto, ndiye niliyemkung'utia zile nguo...

Kikohozi kilipoanza, ndugu wakasema karogwa. Baba mdogo akamzungusha kwa waganga mpaka nilipopiga kelele, ndipo tukampeleka hospitali Mbeya. Daktari akauliza kitu ambacho hakuna mganga aliyeuliza: mzee, ulikuwa unafanya kazi gani? Akatuambia vumbi la asbesto limemla mapafu, na kwamba ana haki ya kudai fidia.

Baba akacheka kwa shida. "Ngoja kwanza nipone."

Hakupona.

Msibani bosi wake, yule mkandarasi, alileta ng'ombe dume. Sisi wa huku tunajua ng'ombe msibani ni heshima gani! Baba mdogo akasimama mbele ya watu: "Ndaga fijo, bosi, asante sana! Kati yetu na wewe hakuna neno tena." Watu wakapiga makofi. Makofi, baba yuko ndani ya jeneza! Mama akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nanyonyesha, machozi yakamdondokea mtoto...

Baada ya matanga nilimtafuta mwanasheria wa msaada wa kisheria. Akanieleza kwamba ng'ombe si fidia. Mama, kama mjane, anaweza kudai fidia ya wafanyakazi, na ikithibitika bosi alizembea, hata mahakamani tunaweza kwenda. Maelezo ya daktari tunayo. Tatizo bosi anakana, eti baba alikuwa kibarua wa kupita tu! Tulihitaji mashahidi waliofanya naye kazi.

Nikawazungukia. Wote jibu moja: "Mwanangu, ile nyama tulikula wote. Tutamgeukaje tena?"

Jamani! Watu wazima, wenye ndevu, mnazibwa na pande la nyama?

Baba mdogo ndiyo kabisa. "We binti, unatutia aibu! Bosi alituzikia baba yako vizuri!"

"Alituzika sisi," nikamjibu, "tena tungali hai!"

Juzi nikasikia mtu anakohoa nje kabla hajapiga hodi. Kile kikohozi nakijua... Alikuwa fundi mwenzake baba, wa Bujonde, yule yule aliyekuwa wa kwanza kunikatalia. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Nipeleke kwa huyo mwanasheria wako. Nitasema yote. Mimi sitaki ng'ombe wa msiba, nataka kutibiwa."

Kesho tunaondoka naye, kwa mwanasheria na hospitali. Nami nitapimwa kifua, kwa ajili ya zile nguo za baba.

Ndugu wasomaji, kama uliwahi kukata asbesto, hata zamani sana, mwambie daktari. Dai ukiwa hai! Muda wa kudai una kikomo, na mashahidi nao wanakufa. Msisubiri kama sisi.

Na bosi akileta ng'ombe msibani, mleni. Kisha futeni midomo, mwende mkadai!