Kamba ya Chumba cha Regina

Walikutana sokoni Morogoro mwaka 1954, siku watu walipojaa mpaka juu ya matenga ya kabichi. Stambuli, mwashi mwenye fulana iliyoganda chokaa, alimkanyaga Mwaisha kanga.

"We kaka, macho umeyaacha wapi?"

"Yako kwako, bibie. Sidhani kama nitarudishiwa."

Miezi mitano baadaye mtaa mzima wa nyuma ya stesheni ulijua ni wachumba. Ndipo Mwaisha akamwona Stambuli anatoka chumbani kwa Regina, mjane mzuri wa kutoka milimani, huku anakunja kamba.

Kamba! Pale mtaani mwanamume haingii na kamba kwa mwanamke ila kumpimia kitanda, na kitanda ndiyo ndoa. Jioni Stambuli alikuja kula kwa Mwaisha na mama yake, akausahau mfuko wake. Mwaisha akaufungua: kamba arobaini, zote zina mafundo.

"Arobaini! Mtaa mzima wake zake!"

Akazitia zote jikoni, moto ukawaka vizuri kweli.

Asubuhi Stambuli akabisha hodi. "Mpenzi, mfuko wangu?"

"Mpenzi wako Regina. Yaulize majivu."

Stambuli akakaa kizingitini kama mtu aliyepigwa. "Mwaisha, kila kamba ni chumba kimoja, urefu wa kamba ndio urefu wa chumba. Kila fundo ni mtu anayelala humo. Kesho kutwa baraza la mji linasikiliza ombi letu, makampuni ya mkonge yatozwe kodi, mji ujenge nyumba anazoweza kupanga kibarua. Walitaka ushahidi. Umeupikia chai."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza kuingia kwa wanawake."

"Ningekukataza, ndiyo!"

Lakini hasira yake sasa ilikuwa imepata wa kuistahili. Kodi ya kichwa alitozwa hata anayelala juu ya gunia. Wenye mkonge, mashamba yasiyo na mwisho, mji haukuwadai hata tofali. Mwaisha akajifunga kanga kiunoni, akanunua kamba mpya, akapita mlango kwa mlango. Chumba cha Regina akakiacha mwisho.

"Karibu, shoga. Umekuja kunipiga?"

"Kupima kwanza. Hayo mengine baadaye."

Regina, mama yake, watoto wanne, kaka wawili wakata mkonge. Mwaisha akafunga mafundo manane, yakakaribia kugusana. Akatazama huku na huku. Kitanda kingekaa wapi? Uso ukamwaka kwa aibu.

"Samahani, dada."

"Shika ncha hiyo, tumalize," Regina akacheka.

Barazani Stambuli alizimwaga kamba mezani. Bwana wa makampuni, suti nyeupe, akasema, "Tukitozwa kodi tutahama."

"Na mkonge mtauhamisha?" Stambuli akauliza.

Watu wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akasema watalifikiria. Kamba akazifungia kabatini. Stambuli alijua maana ya kufikiria kwao.

"Watakaa nazo mpaka zioze," alimwambia Mwaisha nje.

"Tutapima tena. Ila chumba chetu na mama hukukipima."

Stambuli akatoa kamba kwenye mfuko wa shati, ndefu, ina mafundo mawili tu. "Hii ni ya chumba ninachojenga kwa mikono yangu. Na ni ya kitanda. Utakubali?"

Mwaisha aliyahesabu yale mafundo mara mbili, akaizungushia kamba kiganjani mwake, akaibana.

"Nimekubali. Lakini cha Regina, wakitaka kipimwe tena, nakwenda mimi."