Koti la Dirisha la Nne

Ofisi ile ya vyeti ilikuwa na koti. Koti la kijivu, limetundikwa kwenye kiti cha dirisha la nne, na ukiuliza mwenyewe yuko wapi unajibiwa, "Yupo, katoka kidogo." Basi watu wanakaa kwenye benchi wanangoja. Mwenyewe keshakufa, mwaka wa sita huo. Wenzake ndio waliomzika, wakarudi kazini, wakaliacha koti palepale, maana barua ya kumfuta kazini haijasainiwa.

Sasa, mama mmoja mshonaji alikuwa anafuatilia cheti cha kuzaliwa cha bintiye. Mwezi mzima anaambiwa njoo kesho. Na kesho yenyewe ndiyo mtihani wa binti. Bila cheti haingii.

Mchana makarani wote wakaenda kula. Mama na binti wakabaki kwenye benchi. Mara wakasikia: taf. Taf. Mhuri unagongwa.

"Mama, mbona hakuna mtu?" binti akanong'ona.

"Nyamaza wewe. Usinifukuzie bahati."

Akasogea dirishani. Harufu ikampiga, udongo uliofukuliwa sasa hivi, na ubaridi unatoka kwenye kile kitundu cha kupitishia karatasi kama pumzi ya mtu, na lile koti, wajukuu zangu, lile koti lililolegea miaka sita likaanza kujaa, mabega kwanza, kisha mkono mmoja, kisha wa pili, shingo hakuna, kichwa hakuna, na sauti ikatoka ndani ya kola, taratibu: "Faili lako ninalo. Acha kitu chako hapa, nikuhudumie."

Mama wa watu akainamia kitundu. "Kitu gani, baba?"

"Chochote cha kutundika."

Akamtazama bintiye. Akavua mtandio, akaupitisha kwenye kitundu. Taf! Cheti kikatoka, wino mbichi, kosa hata moja hamna. Na ofisi ile, tangu lini ikatoa karatasi isiyo na kosa?

"Shika, kimbia nacho," akamwambia binti. "Usigeuke."

Binti akakimbia. Alipofika mlangoni akageuka. Dirishani hapakuwa na mtu, mtandio tu umetundikwa kwenye kiti cha pembeni.

Makarani waliporudi wakamkuta binti analia. Akaitwa mganga. Yule hata mkoba wake hakuufungua, aliangalia mara moja tu. "Toeni hilo koti na huo mtandio, vichomwe sasa hivi."

"Hiyo ni mali iliyomo ofisini, mzee wangu," mkuu wa ofisi akasema. Koti halitazami, lakini akasema. "Mwenye koti aweke sahihi kwanza."

Mtihani binti aliufanya, akafaulu. Kila wiki huenda pale kuulizia. Siku hizi mna viti viwili visivyo na watu, dirisha la nne na la tano, koti na mtandio, na mihuri miwili inapokezana.

"Mama yangu je?"

"Yupo," wanamwambia, hawamtazami usoni. "Katoka kidogo. Mngojee hapo kwenye benchi."